Nina laki sita, IST inanivunja mgongo: nianze na nini?

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili, naishi Madale ndani ndani, kule ambako ukishaacha lami unabakiwa na kilomita tatu za vumbi wakati wa kiangazi na makorongo matupu mvua ikinyesha. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1300, niliyoinunua miaka minne iliyopita kwa kijana mmoja aliyekuwa anaipenda kupita kiasi. Aliipamba: rimu za 17, tairi nyembamba 205/40R17, taa za bluu chini ya dashibodi. Taa niling'oa. Rimu niliziacha kwa sababu, nikuambie ukweli, zinapendeza.

Sasa gari limenichosha. Mbele kushoto linagonga kogo-kogo-kogo hata kwenye vijiwe vidogo, lakini kwenye shimo kubwa silisikii lile kogo, nasikia kishindo kimoja tu. Nikivuka tuta, pua inaitikia mara mbili tatu kama mjusi. Tukipanda wote watano, nyuma linakaa chini na tairi inakwaruza bodi kwenye kona. Usukani unavuta kushoto. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani tu, kwa nje bado zina kashata nzuri. Na kwenye shokapu ya mbele kushoto nimeona mafuta yametiririka na kushika vumbi.

Nimevunja kikoba mwezi uliopita nikapata shilingi 600,000, nikaapa zote ziende kwenye gari kwa sababu Desemba tunaenda Iringa na mama mkwe, na mama mkwe ana mgongo. Ushauri niliopewa ndio umenivuruga. Fundi wangu anasema tufunge spesa, vile vipande vya kunyanyulia bodi, za sentimita nne pande zote na shokapu nne za mtumba wa Japani, laki nne kila kitu, gari linyanyuke lisiguse tena chini. Shemeji anasema springi za nyuma zibadilishwe, afunge za Noah, ni ngumu hazishuki. Mume wangu anasema uza.

Nilizunguka Kariakoo mwenyewe Jumamosi moja nikauliza bei, nikaandika kwenye daftari. Shokapu mpya za mbele, jozi, 320,000. Za mtumba, jozi 100,000. Stabilaiza linki mpya mbili, 40,000. Bushi nne za kontrolamu, zile raba za kono linaloshika gurudumu, 60,000. Springi za nyuma za mtumba za IST, jozi 50,000. Spesa seti nzima 90,000. Alaimenti, ile kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, 30,000. Fundi mwingine aliniambia kazi yote ya mbele na nyuma atafanya kwa 70,000.

Naomba unisaidie: spesa ni nzuri au mbaya? Mtumba au mpya? Na nianze na nini maana pesa ni hiyo hiyo, nyingine hakuna?

Jambo lingine dogo, sijui kama lina maana: rimu za awali za 15 kijana alinipa, ziko stoo, tairi zake zimepasuka kwa uzee. Na kuna kijana wa jirani ananisumbua nimuuzie hizi 17 na tairi zake kwa laki nne. Kwenye kibandiko cha mlango wa dereva pameandikwa 185/65R15.

Mwalimu wa Madale

* * *

Marahaba, Mwalimu.

Umeandika ukurasa mzima wa matatizo halafu dawa ya nusu yake ukaitupia mwishoni ukiita jambo dogo. Ningekuwa mimi mwanafunzi wako, ningesema mwalimu ameficha jibu kwenye swali.

Tuanzie hapo hapo kwenye kibandiko. Kwenye 185/65R15, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni inchi za rimu. Asilimia 65 ya 185 ni 120. Sasa pima ulichovaa leo: asilimia 40 ya 205 ni 82. Kati ya rimu na barabara, gari lako lilitengenezwa liwe na milimita 120 za mpira na upepo, wewe una 82. Ule ubavu ndio springi ya kwanza ya gari, ndio unaopokea kokoto kabla hata springi ya chuma haijajua kama kuna kokoto. Huyo kijana aliukata karibu theluthi nzima, na Madale ndani ni kokoto tupu.

Hesabu haijaisha. Jumlisha rimu na mbavu mbili, tairi ya awali ina kimo cha milimita 622 hivi, hii ya sasa 596. Tofauti ni 26. Nusu yake iko juu ya ekseli haikuhusu, nusu iko chini: gari lako limekaa chini kwa milimita 13 kwa sababu ya tairi peke yake. Fundi anataka kukuuzia sentimita nne za spesa. Sentimita moja na ushee katika hizo unazo stoo, zimekaa na buibui. Halafu tairi ya 185 ni nyembamba kwa upana kuliko ya 205, kwa hiyo ile kukwaruza bodi mkijaa ina nafasi kubwa ya kuisha yenyewe. Na nyongeza ya bure: kwa sasa dashibodi ikikuonyesha 100, tairi hizi fupi zinakupeleka kama 96 tu, na kilomita zako zinajiandika zaidi ya unazotembea.

Kwa hiyo mwite kijana wa jirani leo jioni, kabla hajapata wa kwingine. Laki nne aliyoisema iende kwenye tairi nne mpya za 185/65R15 za kawaida. Ikipelea kidogo ongezea. Ila mwonyeshe kwa mkono wako kwamba zile mbili za mbele zimelika ndani. Ni jirani, mtakutana dukani. Akishusha bei kidogo kwa ajili hiyo, mshushie.

Na hapa nakusihi: tairi ziwe mpya, mtumba hapana, safari ya Iringa si ya kubahatisha. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu mwishoni mwa maandishi ya DOT. 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata yote na bado ikawa imekaa ghalani miaka saba inakauka, mwenye duka akakuambia "hii mpya mama, haijagusa chini". Kweli haijagusa. Soma namba.

Kuhusu upepo pia, kwa vile hujaniambia unajaza kiasi gani, nakisia. Vijana wengi wa upepo hawaulizi, wanajaza PSI 40 na kitu kwa kila gari linalosimama, basi na kigari sawa. Kibandiko hicho hicho cha mlango kina kiasi chake. Kifuate asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kuna watu nimewaponya "shokapu" kwa kuwatolea upepo tu, na wakanitazama kama mganga.

Sasa tuingie chini ya gari.

Watu wengi, na mafundi wengi nasikitika kusema, wanachanganya springi na shokapu. Springi inabeba. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kutuliza ile springi isiendelee kucheza baada ya kupigwa: ndani kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Gari likikaa chini, mtuhumiwa ni springi au tairi au mzigo. Gari likiitikia kama mjusi, mtuhumiwa ni shokapu. Gari likigonga kogo-kogo, mara nyingi si springi wala shokapu, ni kiungio kidogo au raba. Wewe una yote matatu kwa wakati mmoja, ndiyo maana kila aliyekushauri ameshika kipande chake.

Kabla hujatoa hata mia, fanya kazi hii Jumapili asubuhi kwenye sakafu iliyonyooka. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu. Usipime kutoka chini, maana tairi zitakudanganya. Katikati ya rimu hadi bodi inakuambia springi peke yake. Andika kwenye lile daftari. Kisha tafuta IST nyingine ya umri huo ambayo haijachezewa, na Dar hazikosekani, mwombe mwenyewe upime yake. Kama nyuma yako imepungua kwa sentimita mbili au zaidi, au kushoto na kulia hakufanani, springi zimechoka. Kama zinalingana, springi zako nzima, na ule ukaaji wa nyuma mkiwa watano ni tairi fupi na watu watano. IST ni gari dogo, Mwalimu.

Kisha kogo-kogo. Ulivyoieleza, inasikika kwenye vijiwe na kupotea kwenye shimo kubwa, mimi ningeweka dau langu kwenye stabilaiza linki. Ni kifimbo chenye kiungio cha gololi kila mwisho, kinaunganisha ile nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona na shokapu. Kiungio kikilegea, kinachezacheza kwenye mtikisiko mdogo. Kwenye kishindo kikubwa kinavutwa kikakaza, kelele inamezwa. Lakini usinunue kwa dau langu. Mwambie fundi afungue linki zote mbili za mbele, azifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, mwende polepole kwenye kile kipande cha kokoto mnachokijua. Gari litalala kidogo kwenye kona, kwa hiyo msikimbie. Kogo ikipotea, umepata mwizi kwa 40,000. Isipopotea, rudisheni linki mwendelee: mmoja azungushe usukani gari limesimama huku mwingine ameweka kiganja kwenye springi ya mbele, ukisikia springi inaruka ghafla badala ya kuzunguka taratibu, mauntingi ya juu ya shokapu, kile kikalio kinachoishika kwenye bodi, imekufa. Halafu gari liende shimoni, kitaimbo kidogo kiingizwe kwenye bushi za kontrolamu na kusukumwa. Bushi nzima hujikunja kidogo na kurudi. Iliyokufa unaona chuma kinatembea na raba imechanika imebaki midomo.

Kwako wewe nategemea bushi zimekwisha, na sababu yangu ni zile tairi zilizolika ndani na usukani unaovuta. Raba za mwaka 2004 kama hazijawahi kubadilishwa zimeshatumikia nchi mbili.

Hapa kwenye bushi nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea bila wao kujua.

Bushi ya kontrolamu si beringi. Haizunguki kwa kuteleza. Raba yake imeganda kwenye chuma cha ndani na cha nje, na kono likipanda au kushuka, raba inajisokota. Bolti ikikazwa, chuma cha ndani kinashikwa palepale. Sasa fikiria fundi amenyanyua gari kwa jeki, gurudumu linaning'inia, kono limelala chini kabisa, akakaza bolti kwa nguvu zake zote. Akishusha gari, kono linapanda, na raba inasokotwa hapo hapo, gari likiwa limesimama hata barabara halijaiona. Itaishi hivyo imesokotwa usiku na mchana. Miezi michache imechanika, na fundi anakuambia spea za siku hizi feki.

Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo. Nilikuwa kijana, na gari lilikuwa langu, Corolla ya kuazima pesa. Nilifunga bushi mpya nikikaza juu ya jeki, nikajisifu. Hazikumaliza msimu mmoja wa mvua. Nikafunga nyingine vile vile. Za tatu ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale gereji akinywa chai, wala hakuwa ananifanyia kazi, akaniambia "shusha kwanza gari kijana, ndiyo ukaze". Sikumwelewa siku ile. Za tatu zilidumu mpaka nikauza gari.

Kwa hiyo fundi afunge bolti za bushi kwa kulegeza, ashushe gari lisimame kwa uzito wake kwenye magurudumu, au anyanyue kono kwa jeki hadi lifike kimo chake cha kawaida, ndipo akaze mwisho. Akikuambia haina haja, usigombane naye. Mwambie ndivyo unavyotaka na wewe ndiye unayelipa. Na bushi hizo zipigwe kwa presi, si nyundo.

Sasa shokapu, na swali lako la mtumba au mpya. Msimamo wangu ni huu, na wauza mtumba watanichukia: chuma cha mtumba sawa, raba ya mtumba hapana, shokapu ya mtumba bahati nasibu. Springi ni chuma kitupu, na ile iliyobeba gari kwenye lami za Japani inaweza kuwa nzima kuliko yako. Weka jozi mezani ulinganishe urefu, tazama kama kuna kutu iliyokula au ufa, basi. Shokapu huwezi kuitazama ukajua. Inaweza kuwa imefutwa mafuta kwa kitambaa asubuhi ile. Kama utalazimika kununua ya mtumba, isimamishe wima, ibonyeze yote na kuivuta mara tano sita. Inatakiwa iwe nzito kwa usawa njia nzima. Ukihisi kuna mahali inateremka bure halafu inashika, iache. Fimbo ikiwa na vidoa vya kutu pale inapoingilia, iache pia, vile vidoa vitaitafuna sili kama msasa. Na zote mbili ziwe na uzito sawa mkononi.

Wewe usiingie huko kwa mbele. Ya kushoto imetiririsha mafuta, imekwisha, na shokapu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litakuwa linashuka tuta kwa mguu mmoja mzima na mwingine unachechemea. Nunua mpya hizo za 320,000. Nenda na namba ya chasisi mfukoni. Ya 1300 huanza na NCP60. IST ni ndugu wa Vitz na Platz kwa chini, ndiyo maana spea zake zimejaa, lakini undugu huo pia ndio unaowafanya wauzaji wakupe ya Vitz wakisema "ni moja". Nyingine ni moja, nyingine si moja. Shika namba. KYB, watengeneza shokapu wa Japani, wana jina, na kwa sababu wana jina maboksi yake yanaigwa. Nunua duka linalokuandikia risiti yenye jina la spea na kukubali kubadilisha, si kwa kijana anayekufuata na boksi begani.

Wakati shokapu zimefunguliwa, mwambie fundi akuonyeshe vitu viwili. Cha kwanza ni mauntingi ya juu. Cha pili ni ile raba ndogo inayokaa kwenye fimbo ya shokapu kuizuia isigonge hadi mwisho. Ile ikishamomonyoka ndipo unapata kile kishindo kimoja ulichonieleza kwenye shimo kubwa. Ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingi mafundi wanafunga shokapu mpya bila hiyo kwa sababu ya zamani ilikuwa imeshageuka unga na hawakukuambia ununue. Na kifaa cha kubana springi kiwepo. Nimeshaona springi ya mbele inafunguliwa kwa kamba na watu wawili wameikalia. Ile springi ikiruka haichagui uso wa nani.

Shokapu za nyuma ziache kama zilivyo, kwa masharti. Bonyeza kona ya nyuma kwa nguvu uachie: ikipanda na kutulia, na fimbo haina mafuta, na tairi za nyuma hazina mawimbi ukizipapasa kwa kiganja, zitaenda Iringa na kurudi. Jaribio la kubonyeza si kipimo kamili, shokapu iliyochoka nusu inaweza kulifaulu, lakini kwa pesa tuliyo nayo nusu inatutosha nyuma. Mbele ndiko kuna injini, ndiko uzito unakoangukia ukikanyaga breki.

Spesa. Hazina dhambi, wapo watu zimewafaa. Shida ni kwamba fundi wako anazitumia kutibu ugonjwa usio wake. Spesa inanyanyua bodi tu. Haitulizi kuitikia, haiondoi kogo, haigusi bushi. Utakuwa na gari bovu lililo juu. Na sentimita nne kwa gari la namna hii ni nyingi: makono ya mbele yanainama, magurudumu yanabadilisha pembe, ekseli za mbele zinafanya kazi zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, na raba zake zinaanza kuchanika, grisi inaruka, mchanga unaingia, ukisikia tak-tak-tak kwenye kona umeshanunua ekseli. Gari linakuwa pia na kichwa kizito kwenye kona, na wewe unaenda kupanda mlima Kitonga wenye kona. Rudisha kwanza tairi, pima springi, tengeneza mbele. Kama baada ya hapo bado tumbo linagusa kwenye yale makorongo, tuzungumze sentimita mbili, Januari, kwa pesa nyingine.

Shemeji mshukuru, ila springi za Noah hapana. Ni za gari zito zaidi, na shokapu ya IST haina ubavu wa kuituliza springi ile. Gari litakuwa linarusha makalio. Kabla hajashauri kukata, maana huyo ndiye anayefuata, mwambie springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

Basi pesa tuipange kwa bei zako mwenyewe. Shokapu mpya za mbele 320,000, linki 40,000, bushi nne 60,000, ufundi 70,000, alaimenti 30,000. Hiyo ni 520,000. Umebakiwa na 80,000, na usiiguse mpaka gari limefunguliwa, kwa sababu kitu kitaonekana, huwa kinaonekana. Kama futi imesema springi za nyuma zimechoka, 50,000 itoke hapo. Kama mauntingi imekufa, itoke hapo, na springi zisubiri. Ikibaki, ninunulie soda.

Mpangilio una maana kuliko unavyodhani. Tairi mpya na matengenezo vifanyike ndani ya wiki moja, na alaimenti iwe ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukazwa na gari kutembea siku mbili tatu. Ukifunga tairi mpya leo na bushi mwezi ujao, bushi zilizokufa zitakuwa zimeshazila upande wa ndani kama zilivyokula hizi. Ukipima alaimenti kabla ya bushi, umepima kitu kinachotembea. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama mashine yao haitoi, angalau usimame pale usome.

Fanya haya mapema Novemba, si tarehe 20 Desemba wakati kila gereji ina foleni ya watu wa Moshi na Iringa na fundi anakaza kwa macho.

Kuhusu safari yenyewe. Mama mkwe akae mbele. Kiti cha nyuma cha IST kiko karibu sana na ekseli ya nyuma, kila tuta litamfikia mgongoni bila kupunguzwa. Mbele anakaa karibu na katikati ya gari. Wewe au mume wako mkae nyuma na watoto mvumilie. Mizigo mizito iwe sakafuni, imeegemea mgongo wa kiti, si juu ya paa wala kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Kuna matuta ya kutosha ndani ya Mikumi, na hapo hata twiga hana haraka, kwa hiyo hamna sababu ninyi muwe nayo. Mkirudi na kushuka Kitonga, shusha gia, usikae umekanyaga breki mlima mzima. Na najua mtapita Ilula na nyanya, na Iringa mtapewa kiroba cha viazi cha zawadi ambacho huwezi kukikataa mbele ya wakwe. Kiroba kimoja. Cha pili kisafiri kwa basi.

Siku ya matengenezo, omba fundi akukabidhi spea zote za zamani mkononi. Chukua ile linki ya kushoto, shika kile kiungio chake utikise kwa vidole. Kinatakiwa kilegee chenyewe, kicheze bila ubishi. Kikiwa kigumu kama kipya, basi dau langu nimelipoteza. Niandikie tena unieleze kogo imehamia wapi. Mume wako mwambie suala la kuuza lisubiri hadi mrudi.

Mzee Fundi